Nimefunga Geti, na Jumamosi Wanaleta Majivu

Anti Wehi mpendwa,

Naomba usinicheke kabla hujafika mwisho wa barua hii, na ikiwezekana nijibu katika gazeti la wiki hii hii, kwa sababu jambo lenyewe ni la Jumamosi na mimi sina mwingine wa kumwuliza, maana kila ninayemfahamu hapa kisiwani Moloka'i ama ni jamaa ya hao ninaogombana nao au anakula kwao.

Mimi ni mzaliwa wa huku huku Mana'e, mashariki ya kisiwa, nikaondoka na wazazi nikiwa kijana kwenda Las Vegas kama walivyoondoka wengi wetu, baba akapata ulinzi kwenye hoteli na mimi nikaingia jikoni, nikakatia vitunguu watu nisiowajua kwa zaidi ya miaka ishirini, na muda wote huo nilikuwa na neno moja tu kichwani, kwamba nitarudi nyumbani, na nikirudi sitapanga tena, nitanunua. Mama alifia kule jangwani akiulizia kama mvua imenyesha huku. Baba naye akamfuata. Mimi nikabaki na lile neno langu.

Mwaka juzi nyumba moja ya huku ikatangazwa kuuzwa. Ilikuwa ya rubani mstaafu, mtu wa bara, lakini wewe unajua na kila mtu anajua kwamba kabla ya rubani ilikuwa ya ukoo wa Kalaukoa tangu enzi za babu wa babu yao. Utotoni sisi tulipanga kibanda cha mabati kwa juu, upande wa mlimani, na njia yetu ya kwenda baharini ilipita ubavuni mwa nyumba hiyo, na tukifika hapo mama alikuwa akitushika mkono, anatuambia tuteremshe sauti, tusalimie, tusichume kitu cha watu. Tutu Hiwahiwa, bibi ambaye ndiye mkubwa wa ukoo ule mpaka leo, alikuwa akituita na kutupa samaki waliofungwa kwa majani, na mimi nilikuwa nawapokea nikiangalia miguu yangu. Sasa Anti, fikiria mtoto wa namna hiyo anapokabidhiwa funguo za nyumba ile ile. Siku ya kwanza nilizunguka vyumba vyote nikigusa kuta, mke wangu akaniuliza natafuta nini, nikasema sitafuti kitu.

Nyuma ya nyumba kuna makaburi, na hilo sikufichwa. Kuna ukuta mfupi wa mawe na ndani yake wamelala akina Kalaukoa, wa mwisho wao akiwa mama yake Tutu. Rubani aliwaachia jamaa zao wapite miaka yake yote, hakuweka hata kamba, akija kukimbia baridi ya kwao anawakuta wanapalilia, anawapelekea kahawa, basi. Na mimi wakati nanunua nilijiambia moyoni kwamba sitawazuia.

Mke wangu Corinne ni wa Las Vegas, hajawahi kuishi mahali ambapo duka linafungwa mapema na jirani haonekani kwa macho. Alinifuata kwa mapenzi tu. Asubuhi moja, mimba ikiwa kubwa, alikuwa bafuni, akafungua dirisha mvuke utoke, akamwona mwanamume mkubwa amesimama pale chini na panga mkononi. Ni Kaniela, mjukuu wa Tutu, alikuwa anapita kwenda kufyeka majani makaburini, naye aliona aibu kuliko Corinne, akageuza uso na kukimbia. Lakini Corinne hakulifungua tena dirisha lile. Aliniomba kitu kimoja, nimwambie hawa watu ni akina nani na wanakuja siku gani. Nikamwambia aniachie, nitalishughulikia.

Nilivyolishughulikia ni kwamba niliteremka mjini Kaunakakai nikanunua mnyororo na kufuli, nikafunga geti. Watu wakaniuliza, nikasema nazuia swala wasile bustani. Kaniela alikuja akaupima mnyororo kwa mkono, akacheka.

"Anko, swala wa hapa wanaruka geti hili huku wanatafuna," akasema. "Wewe unamfungia nani?"

Nikamjibu kwamba mke wangu hataki watu. Hapo niseme ukweli, Anti, kwa kuwa nimeshaanza, mke wangu hakusema hivyo hata siku moja. Na yeye Corinne nilimwambia kwamba wale wenyewe ndio wakorofi, hawataki kupanga siku, wanataka kuingia kama kwao. Hilo nalo hakuna aliyelisema. Nilikuwa katikati, huku napeleka uongo na huku narudisha uongo, na kila upande ukaniamini.

Tangu siku ile vikaanza kuning'inia vyakula kwenye geti. Kwanza mfuko wa mashelisheli. Halafu pweza mkavu, halafu samaki wengi wengi waliosafishwa kabisa, tukawaweka kwenye friza. Hakuna barua, hakuna neno. Wakati huo mtoto wetu Kahiau alikuwa ameshazaliwa, Corinne ananyonyesha na njaa ya kunyonyesha unaijua, akaniuliza nani anatuletea, nikasema watu wa hapa ndivyo walivyo. Tukala. Mifuko nikaikunja nikaiweka jikoni, mizuri, ya kitambaa.

Katikati ya hayo nikasikia Anko Lopaka amefariki Honolulu. Huyu ni mdogo wake Tutu, na ndiye aliyemwuzia rubani nyumba hii, halafu akaondoka kisiwani na hakurudi tena. Sikwenda kutoa pole. Nilisema mtoto bado mdogo.

Wiki iliyopita Tutu akaja mwenyewe. Waliomleta kwa gari walishusha kiti chake cha kukunja wakakiweka nje ya mnyororo, akakaa na kofia yake ya ukili, mikono mapajani, akakaa asubuhi nzima hapigi hodi wala haiti. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Corinne akaja na mtoto begani akachungulia.

"Mbona hatumkaribishi yule bibi?"

"Amepumzika tu," nikamwambia. "Wazee wa hapa wanapenda upepo wa kwenye geti."

Walipokuja kumchukua nikatoka, nikakuta amening'iniza kwenye mnyororo nyama ya nguruwe iliyofungwa kwa majani ya majimbi, bado ya moto, imeviringishwa taulo. Anti, sijala kitu kitamu kama kile tangu mama afariki. Tulikula wote wawili tukalamba vidole.

Kesho yake Kaniela akasimamisha gari pale nje. Hakuzima injini.

"Jumamosi saa nne tunamleta Anko Lopaka," akaniambia. "Ni majivu tu, kwenye bakuli la mbao. Tutu kasema nikujulishe saa."

"Nani kawaruhusu?"

Akaniangalia sana. "Si umekula?"

"Nimekula nini?"

"Mashelisheli umekula. Pweza umekula. Jana bibi wa watu kaamka alfajiri, kafunga nyama na vile vidole vyake visivyokunjika, umekula. Hakuna mfuko hata mmoja uliorudi, Anko. Halafu unaniuliza nani karuhusu?"

Nikamwambia chakula si mkataba. Nikamwambia nyumba ni yangu na uwanja ni wangu na nyuma ya uwanja ni kwangu pia, na huyo huyo Lopaka ndiye aliyeuza, mtu hauzi kitu halafu akataka kulala ndani yake, na wakija kwa nguvu nitaita polisi. Nilidhani atapandisha sauti. Hakupandisha.

"Geti likiwa wazi, tutapita," akasema. "Likiwa limefungwa, tutapita."

Corinne alikuwa barazani na mtoto, akayasikia hayo ya mwisho tu. Tangu siku hiyo begi lake liko mlangoni. Anasema siku watu watakapovunja geti mbele ya mtoto wake, yeye anakwenda kwa mama yake Las Vegas, na hasemi lini atarudi. Kwa hiyo nikifunga, wanavunja na mke anaondoka. Nikifungua, nitakuwa nimekubali kwamba hapa mimi ni mlinzi wa makaburi ya Kalaukoa, leo Lopaka, kesho Tutu, keshokutwa Kaniela, na mimi nitaendelea kuwa yule mtoto wa kibandani anayepita ubavuni mwa nyumba yao akiangalia miguu yake, ila sasa nyumba yenyewe ni yangu. Dukani watu wameacha kunipungia mkono. Jumapili kanisani kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu na kanisa limejaa.

Kuna na lingine, nalo ndilo linalonikosesha usingizi kabisa. Kondo la nyuma la Kahiau tulipewa hospitali tukaja nalo, kama ilivyo desturi yetu, nilizike kwenye uwanja wetu na kupanda mti juu yake, ili mtoto ajue kitovu chake kiko wapi. Mimi langu sijui liliko. Nilimwuliza mama mara nyingi, alikuwa anasema, "Lipo pazuri, mwanangu, usihangaike," kisha anabadilisha mazungumzo, na nilipokua nikaelewa kwamba hatukuwa na udongo wetu na huenda walilitupa tu. Nikaapa la mwanangu halitakuwa hivyo. Nilikuwa nimechagua pale karibu na ukuta wa mawe ambapo udongo ni mzuri, lakini kwa ugomvi huu nitachimbaje? Mpaka leo liko kwenye friza, ndani ya mfuko, limelala na samaki wa Kalaukoa, na kila nikifungua friza kuchukua barafu naliona.

Nieleze, Anti, na usinionee haya. Nina haki ya kukataa marehemu mmoja zaidi kwenye ardhi niliyoinunua kwa jasho langu au sina? Na mke wangu nimwambie nini? Nimenunua nyumba au nimenunua makaburi ya watu?

Ni mimi,
Mwenye Nyumba Asiyelala, Mana'e


ANTI WEHI ANAJIBU

Mwenye Nyumba,

Jina umelificha vizuri, ila umesahau kukificha kisiwa. Mana'e ina barabara moja, na geti lenye mnyororo mpya ni moja, na gari jekundu lililoegeshwa nyuma yake nimelipita jana nikienda kwa dada yangu. Kwa hiyo tusipotezeane muda. Mama anayelalamikia majogoo wa jirani nimemsogeza wiki ijayo, majogoo hawaendi popote.

Kwanza nikupe pole, na ni pole ya kweli. Kusimama jikoni kwa wageni ujana wako wote ili urudi kwenu si jambo dogo. Wengi walioondoka nanyi wamebaki kule, watoto wao wanaijua Moloka'i kwa picha ya ukutani. Wewe umerudi. Sisi tuliobaki tulifurahi siku tuliposikia nyumba ile imechukuliwa na mtoto wa hapa badala ya tajiri mwingine wa kuja kuitazama bahari wiki mbili kwa mwaka. Tulifurahi sana, na ndiyo maana sasa dukani hatukupungii mkono. Rubani angeweka mnyororo tungesema ni mgeni, hajui.

Sasa kaa chini nikukemee.

Umejificha nyuma ya sketi ya mkeo. Mwanamke mjamzito kaona mtu na panga chini ya dirisha la bafu, kaomba kitu ambacho mtu yeyote angekiomba, aambiwe nani na lini. Ungemjibu kwa sentensi mbili. Badala yake ukamfanya yeye ndiye anayefukuza watu makaburini kwao, kisiwa kizima kikamnunia, naye hajui kosa lake. Mimi mwenyewe nilimwona sokoni nikampita, Mungu anisamehe. Na begi liko mlangoni kwa sababu ya maneno ya Kaniela, lakini Kaniela asingefika hapo bila ya maneno yako.

Halafu umekula. Hapo ndipo uliponichosha kabisa, kwa sababu unaandika kama mtalii. Chakula si mkataba! Wewe umezaliwa hapa, mama yako kakulea hapa, hilo unalijua tangu hujaota meno. Sisi hatusimami getini kwa mtu tukamwomba kwa mdomo jambo ambalo anaweza kulikataa, tukaaibika sote. Tunaleta chakula tunanyamaza. Anayetaka kukataa, anakirudisha siku hiyo hiyo na chake juu yake, anasema neno moja la upole, na yamekwisha, hakuna aliyevunjiwa heshima. Wewe ulikuwa na nafasi hiyo mara tatu, mara nne. Ulichofanya ni kulamba vidole na kukunja mifuko. Kisha unamwambia kijana wa watu utaita polisi.

Nami nakwambia kwa nini. Hukuwa unaogopa makaburi. Ulikuwa unataka Hiwahiwa afungue mdomo akuombe. Ulitaka mara moja tu katika maisha yako yeye ndiye aangalie miguu yake. Ndiyo maana ulisimama nyuma ya pazia asubuhi nzima unamtazama bibi wa miaka themanini anaungua jua, unasubiri apige hodi. Naielewa hamu hiyo, mimi pia nimekulia kwenye nyumba ya kupanga. Lakini kumbuka vizuri, yule mama alipokupa samaki, ni nani aliyekwambia uangalie chini? Si yeye.

Kuhusu haki, mwulize wakili yeyote hapa Hawai'i kama unaweza kuwazuia watu kuyafikia makaburi ya wazazi wao, na akupe jibu ukiwa umekaa, usije ukamwangukia. Kuzika mtu mwingine ni mazungumzo ya pekee, hilo nakubali, mwenye uwanja lazima akubali. Lakini uliulizwa kwa heshima zote, na ulikubali kwa mdomo uliojaa. Zaidi ya hapo sitaki kusikia habari za sheria, maana sitaki ulifungue geti kwa kuogopa karatasi.

Na Lopaka usimseme vibaya. Aliuza, ndiyo. Matajiri walijenga kulia na kushoto, kodi ya ardhi ikapanda mpaka akawa hawezi tena, akauza ili dada yake apate pa kuishi pengine badala ya kufukuzwa kwa deni. Jioni ya kukabidhi funguo alimwomba rubani jambo moja tu, wale walio nyuma ya nyumba waachwe, na rubani akampa mkono. Kisha akaenda kuishi ghorofani Honolulu kwa sababu hakuweza kupita barabara hii. Alikuwa anampigia simu Hiwahiwa kila Jumapili anauliza kama ukuta wa mawe umesimama. Mtu wa namna hiyo anarudi kwenye bakuli, na wewe unataka kumwonyesha kufuli.

Corinne, mwanangu, najua hili gazeti litawekwa mezani, basi lisome mwenyewe mpaka mwisho, maana mumeo akikusomea atarukaruka mistari. Hakuna aliyekuchukia kwa kosa lako. Tulipewa habari ya uongo tukaila nzima nzima. Yule bibi kwenye kiti alikuwa anakutazama wewe na mtoto pale dirishani, aliniambia mwenyewe kwamba mtoto ana kichwa kizuri. Ile nyama aliifunga kwa ajili yako, kwa sababu alisikia unanyonyesha. Shusha begi.

Narudi kwako, Mwenye Nyumba, na hili nililitaka alikwambie Hiwahiwa mwenyewe. Lakini yeye hatasema mpaka anakufa, kwa hiyo nalibeba mimi, aninunie akitaka.

Unasema hujui kondo lako liko wapi. Mimi najua.

Ulizaliwa wakati wa mvua kubwa, na mwenye kile kibanda alikuwa akiwatishia wazazi wako kuwafukuza. Mama yako hakutaka kuzika kitu chako mahali atakapofukuzwa. Akateremka na bakuli la wali na samaki wa kopo, ndicho alichokuwa nacho, akasimama mbele ya baraza la akina Kalaukoa ameloa, hakusema kitu. Nilikuwepo, nilikuwa msichana, nimekuja kumsaidia Hiwahiwa kufua. Hiwahiwa akalipokea lile bakuli, akala pale pale wima, akalimaliza. Kisha akamwita mdogo wake alete jembe. Liko ndani ya ukuta wa mawe, kwenye pembe ya upande wa mlimani, chini ya jiwe jeusi lililo bapa. Mimi nilishika ndoo ya maji. Aliyekuchimbia ni Lopaka.

Mama yako hakukudanganya, lipo pazuri. Hakukwambia kwa sababu alikuwa na fahari kama yako, alichukia kukumbuka kwamba alisimama pale na samaki wa kopo. Na Hiwahiwa hakukwambia kwa sababu kukwambia ukiwa umeshafunga mnyororo kungekuwa kudai, na yule mama hajawahi kumdai mtu. Alikuwa nalo mdomoni asubuhi nzima kwenye kile kiti, akaondoka nalo.

Kwa hiyo sikiliza. Leo, ukimaliza kusoma, toa mnyororo. Sikusema ulegeze, nimesema utoe, ukautupe mahali ambapo hata wewe hutauona. Kisha keti na mkeo umwambie uongo wako wote kwa mpangilio ulivyousema, na akikutukana kaa kimya, umestahili.

Kesho ingia jikoni. Hiyo ndiyo kazi yako, pika kama unampikia mama yako. Ile mifuko ya kitambaa irudi yote na kila mmoja uwe umejaa. Nendeni watatu, mtoto abebwe na mama yake. Usitoe hotuba na usieleze habari za swala. Toa pole ya msiba, omba radhi, kaa. Mwache Corinne aulize mwenyewe wanakuja siku gani na wanapita wapi, na utashangaa jinsi Kaniela atakavyoukubali upande wa pili wa nyumba, mbali na lile dirisha, kwa sababu tangu siku ile yeye ndiye anayeogopa kuliko wote.

Jumamosi amka mapema ukamchimbie Lopaka. Kaniela atataka kukupokea jembe, usimpe. Chimba wewe, na ukichoka pumzika, kisha endelea.

Watu wakishazika na kuketi, mpelekee Hiwahiwa sahani kwa mkono wako, mkeo na mtoto wakiwa kando yako. Usiseme kitu. Simama tu pale umngoje ale. Akila, atakuonyesha mahali pa kulizika kondo la Kahiau, nami nadhani napajua.

Ndoo ya maji nitakuja nayo mimi. Wewe kumbuka tu kuutoa ule mfuko kwenye friza tangu Ijumaa jioni.

Anti Wehi